Bi Sikudhani na Sera ya Hodi

Palikuwa na nchi. Jina lake ninalijua vizuri, liko hapa kwenye ncha ya ulimi, lakini ulimi wenyewe nao naupenda, kwa hiyo tuiite Nchi Hiyo tu. Na anayedhani anaijua, basi ajue peke yake, asinitie mimi maneno mdomoni.

Nchi Hiyo ilipakana na Ng'ambo. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja na lango moja. Ukuta waliujenga watu wa Ng'ambo, kwa ufundi mkubwa, wakauinua na kuuinua mpaka kivuli chake kikawaangukia wenyewe. Tangu hapo jua likawa linawaka upande wa Nchi Hiyo tu, na Ng'ambo wakawa wanavaa makoti mwaka mzima. Watu wa Nchi Hiyo hawakuwacheka. Walicheka kidogo tu, tena kwa kujificha.

Nchi hizi mbili zilikuwa zinapendana. Nasema hivyo kwa sababu iliandikwa. Wakubwa wa pande zote walikaa, wakala, wakatia saini kwamba raia wa upande wowote ataingia upande wa pili kwa ziara fupi bila viza. Bila viza kabisa! Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Siku hiyo hiyo watu wa Ng'ambo wakaanza kuingia, ndala miguuni na taulo begani, bila hata salamu. Walikuja kuota jua. Ziara zao zilikuwa fupi, nani atabisha? Wengine walizifupisha mpaka wakajenga nyumba, wakapanda maua, wakafuga mbwa wa kuwabwekea wenyeji.

Na watu wa Nchi Hiyo nao walikuwa huru kuingia Ng'ambo bila viza. Walitakiwa jambo moja dogo tu: kumthibitishia afisa wa dirishani kwamba wana sababu ya kurudi kwao.

Afisa huyo aliitwa Thabiti. Alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, nywele zimenyooka, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Akija mwenye shamba, Thabiti humwambia, "Shamba halikimbii, bwana. Litakungoja hata usiporudi." Akija mwenye mke: "Hata mimi nina mke. Hiyo si sababu." Akija mwenye cheo: "Wenye vyeo wa kwenu ndio wa kwanza kuja kutibiwa kwetu na wa mwisho kuondoka." Akija asiye na kitu, Thabiti humwonea huruma kweli, humpa hata maji ya kunywa, kisha humweleza kwamba yeye ndiye hasa asiye na sababu. Kwa hiyo hakuna aliyekataliwa. Watu hawakuthibitisha tu, na Ng'ambo walijivunia sana jambo hilo kila walipohutubia mataifa.

*

Bi Sikudhani alikuwa mjane wa mtaa wa Chumvini, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kusaidia. Alijaliwa mtoto mmoja tu, Mwanakheri, aliyeolewa na Mfaume, kijana wa Chumvini hapo hapo aliyevuka naye kwenda Ng'ambo zamani, enzi ukuta haujafika kiunoni. Mwanakheri aliposhika mimba, mimba ya kwanza, akampigia mama yake simu. "Mama, njoo. Naogopa."

Sasa nyinyi mnajua. Uzazi wa kwanza, mama hangoji kuitwa mara mbili. Bi Sikudhani alipakia beseni lake: mafuta ya nazi ya kumkandia, pilipili manga ya uji, kanga kuukuu zilizolainika za kumfunga mkaja. Akaliweka kichwani, akaenda mpaka dirishani kwa Thabiti.

"Unakwenda kufanya nini, mama?"

"Kumlea mzazi. Mwanangu anajifungua."

"Una watoto wengine huku?"

"Huyo huyo mmoja."

Thabiti akaweka kalamu chini taratibu. "Basi mama, roho yako yote iko Ng'ambo. Utarudi huku kufanya nini?"

Bi Sikudhani alidhani anataniwa. "Ala! Nirudi kufanya nini? Nirudi kwangu! Nina kuku wangu, nina majirani zangu, nina kaburi la mume wangu!"

"Kuku, majirani na kaburi," alisema Thabiti. "Pole sana, mama. Anayefuata!"

Alirudi kesho yake, akarudi na keshokutwa. Mara ya mwisho alikwenda hana beseni tena. Mwanakheri alikuwa amejifungua mtoto wa kike, damu ikakataa kusimama, na jioni ya siku hiyo hakuiona. Bi Sikudhani akaomba aende kumzika mwanawe. Thabiti alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa msikivu sana, kisha akasema:

"Ziara fupi bila viza ni ya kumtembelea mtu, mama. Sasa mtu mwenyewe hayupo."

"Yupo mjukuu wangu!"

"Mjukuu ni sababu ya kubaki. Tunarudi pale pale."

"Basi Mfaume aniletee nimwone, hata kwa dakika moja!"

"Mtoto kazaliwa Ng'ambo na watu wa kwenu. Akitoka lazima athibitishe kwamba atarejea, na yeye bado hajui kusema."

Wallahi hakucheka. Bi Sikudhani alimtazama usoni akitafuta hata chembe ya dharau, hakuiona, na hilo ndilo lililomkata maini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alirudi Chumvini bila kutoa chozi, akakunja mkeka wake, akaja nao mpaka langoni. Akautandika upande wa Nchi Hiyo, pale pale watu wanapopita, akaketi.

"Sitoki hapa," alisema, "mpaka nimpakate mjukuu wangu."

Wanawake wa Chumvini wakawa wanamletea chakula kwa zamu. Habari za mtoto zilimfikia kwa simu ya Mfaume: ameitwa Tunu, ameota jino, amesimama dede. Na kila asubuhi Thabiti alipofungua dirisha lake upande wa pili, alikuta macho ya Bi Sikudhani yamekwisha fika. Hakumtukana. Matusi alikuwa nayo, mengi na mazuri, lakini aliyaweka akiba. Alimwekea kinyongo, akakilea kinyongo hicho kama ambavyo angemlea yule mjukuu.

*

Mambo yangebaki hivyo hivyo kama si jino la Rais.

Rais wa Nchi Hiyo, Mtukufu Mlezi wa Wote na Nguzo ya Kati, alikuwa amefungua hospitali nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo alizijua vizuri, na jino lilipomuuma akaenda Ng'ambo. Dirishani walimpa kiti kwa heshima. Thabiti akamwamkia, kisha akamuuliza kwa upole ule ule, "Mtukufu ana sababu gani ya kurudi?"

Wanasema Rais alifikiri. Alifungua kinywa mara kadhaa akakifumba. Mawaziri wakamnong'oneza, "Wananchi, Mtukufu! Sema wananchi!" Rais akageuka akawatazama wananchi waliokuwa nyuma ya kamba wakimpungia vijibendera, akafikiri tena, akafikiri mpaka dirisha likafungwa watu waende kula. Jino ikabidi ling'olewe nyumbani, na fundi aliyepatikana. Redio ya taifa ikatangaza kwamba sauti zilizosikika kutoka Ikulu zilikuwa kwaya inafanya mazoezi.

Asubuhi yake Waziri wa Milango na Ujirani Mwema, Mheshimiwa Daktari Kilongola, aliamriwa alipize kisasi. Udaktari wake alipewa kwa heshima, na heshima yenyewe sijui aliitoa wapi. Alizunguka dunia nzima kujifunza jinsi mataifa mengine yanavyowakataa wageni kistaarabu, akarudi na masanduku mengi, viatu vipya na sera. Siku ya kuizindua walifunga utepe langoni, wakaleta bendi ya polisi na keki yenye umbo la kizingiti.

"Ndugu wananchi!" alianza Waziri. "Viza ni nini? Viza ni ugonjwa wa wageni! Je, babu zetu walikuwa na viza?"

"Hawakuwa nayo!"

"Walikuwa na nini?"

Watu wakatazamana. Waziri akajijibu mwenyewe. "Walikuwa na hodi! Kuanzia leo, mgeni wa ziara fupi haulizwi karatasi, hapekuliwi, hapigwi picha. Atasimama mlangoni, atapiga hodi mara tatu. Akiitikiwa karibu, aingie. Asipoitikiwa, arudi zake bila kinyongo, kama tulivyofundwa na wazazi wetu. Sera hii inafuata mila zetu zote za ugeni, tangu mgeni afike mpaka aondoke, na askari wetu watazilinda! Sisi hatumkatai mtu. Sisi ni nchi iliyo wazi kuliko zote duniani, maana hata mlango wetu haufungwi!"

Hapo alisema kweli tupu. Bawaba zilikuwa zimeibiwa siku nyingi.

Bendi ikapiga, utepe ukakatwa, na mgeni wa kwanza akasogea: mzee mmoja wa Ng'ambo mwenye kipara, pua imekwisha pakwa mafuta ya kukinga jua, taulo liko begani.

"Hodi!" akasema.

Kimya. Waziri akamtazama mkuu wa polisi. Mkuu wa polisi akamtazama mpiga tarumbeta. Lo! Utepe walikumbuka, keki walikumbuka, lakini wa kuitikia hawakumteua. Na katika Nchi Hiyo mtu haitikii jambo kabla hajaambiwa. Waliowahi kuitikia mapema familia zao bado zinawatafuta.

"Hodi!"

Sasa, kwa mila, hodi huitikiwa na aliyeketi mlangoni. Na aliyeketi mlangoni alikuwa Bi Sikudhani, juu ya mkeka wake, anachambua mchele. Shingo zote zikamgeukia. Yeye akalitazama lile taulo, akalikumbuka beseni lake, mafuta yake ya nazi na kanga zake za mkaja. Akaukaza mdomo.

"Hodi," alisema yule mzee mara ya tatu, kwa unyonge. Alingoja kidogo, akageuka, akaenda zake na taulo lake.

"Mmeona!" Waziri alipaza sauti. "Mmeona sera inavyofanya kazi!"

Palepale wakamtangaza Bi Sikudhani kuwa Mwitikiaji Mkuu wa Hodi wa Taifa, wakampa na kofia yenye nembo. Kofia aliikalia, maana sakafu ilikuwa ngumu.

*

Basi ikawa kazi yake kunyamaza, na aliifanya kwa moyo wote. Zilikuja hodi za kila namna, za kukohoa, za kuimba, za kulia. Alikuja mama mmoja na watoto wake wamepangwa kwa urefu, wote wamefundishwa neno moja. Bi Sikudhani alichambua mchele, alisuka ukili, alinyamaza. Nisiwafiche, alikuwa anaona raha. Kila aliyegeuka na taulo lake, moyo ulimpoa kidogo, kisha akamkumbuka Mwanakheri akisema naogopa, ukamwaka upya.

Lakini Waziri alikuwa na shemeji yake, Bwana Mkopi, mwenye hoteli kubwa kuliko zote, yenye bwawa la kuogelea lenye umbo la moyo. Bwawa likaanza kuota majani. Mkopi akaenda kumlilia Waziri, na Waziri akaja akapiga goti mbele ya mkeka.

"Mama, itikia basi. Hata kwa kuguna."

"Mheshimiwa, sera si yako? Au kimya si jibu?"

"Ni jibu, mama! Ila si kila siku!"

"Mimi ndivyo ninavyojua kunyamaza," alisema Bi Sikudhani. "Nikianza siachi."

Wakafanya hila. Siku moja alipokwenda kuoga, Mkopi akauvamia mkeka, akaketi, akajiweka sawa. Mgeni wa kwanza hakumaliza hata neno. "Karibu! Karibu sana! Karibuni nyote!" Wakaingia, wao na jamaa zao na majirani wa jamaa zao, wakamzunguka, wakaketi. Kisha mkubwa wao akauliza, "Tunakula nini?"

"Hotelini kwangu vipo vyakula vya kila aina," alisema Mkopi, anasugua mikono. "Mtachagua na mtalipa."

"Tulipe? Si umetukaribisha wewe?" Wakawageukia askari.

Askari wakakubaliana na wageni, maana mila ndiyo hiyo: aliyekaribisha ndiye anayelisha. Walimla Mkopi mpaka ghala lake likabaki na chumvi. Walilala kwenye vitanda vyake vizuri kama wageni wa nyumbani, wakamsifu kwa ukarimu. Bi Sikudhani aliporudi alikuta mkeka wake mtupu, umepinda upande mmoja, na tangu siku hiyo hakuna mkubwa aliyethubutu kuukaribia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

*

Upande wa Ng'ambo hali ilikuwa mbaya. Wazee wao walikakamaa viungo kwa baridi, wakaandamana wamejifunika mablanketi, wakipiga kelele kwamba wananyimwa jua, na kwamba jua ni haki ya kila mtu aliyezaliwa Ng'ambo. Serikali yao ikauliza: ni nani anayemfahamu huyo mwanamke wa mlangoni? Wakaambiwa yupo afisa mmoja, Thabiti, amepandishwa cheo juzi kwa kutomkataa mtu yeyote. Wakamtuma.

Akaja, shati limenyooka. Akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Nakuona," alisema Bi Sikudhani. Hilo halikuwa karibu.

"Mama, serikali yangu inauliza unataka nini."

"Mjukuu wangu."

"Mtoto hawezi kutoka mpaka athibitishe—"

Bi Sikudhani akarudi kwenye mchele wake. Thabiti alisimama, akapiga hodi ya pili na ya tatu, akaondoka. Yale mablanketi yakazidi kujaa barabarani, na haikupita wiki akarudi, safari hii jasho linamtoka ingawa alikotoka ni baridi.

"Wamekubali," alisema. "Ni ziara fupi. Nitamleta mwenyewe asubuhi na kurudi naye jioni. Baba yake anaweza kufuatana nasi. Nimeapa mbele ya wakubwa zangu kwamba bila mtoto huyo sirudi Ng'ambo. Na wewe utaitikia hodi yangu. Tumeelewana?"

Jioni! Bi Sikudhani akauweka ungo chini. Wampe mtoto asubuhi wamnyang'anye jioni, aachwe tena na mkeka. Alimtazama Thabiti kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua samaki.

"Umeapa kweli?"

"Nimeapa."

"Nitaitikia hodi yako," alisema. "Mlete."

Jioni hiyo aliwaita wanawake wa Chumvini. Wakafagia langoni, wakatandika majamvi, wakaleta masufuria ya shughuli. Bi Sikudhani akachinjisha kuku wake wote, wale wale ambao hawakutosha kuwa sababu.

*

Asubuhi yake Ng'ambo nzima ilijipanga nyuma ya Thabiti, mataulo mabegani. Mbele yao alisimama Thabiti, kamshika mkono mtoto mdogo mwenye vishungi viwili, na Mfaume nyuma na kibegi cha nguo. Thabiti akakohoa. Kabla hajasema neno, Bi Sikudhani aliinuka kwenye mkeka, akamfuata mtoto pale pale kizingitini.

"Mtoto wa nyumba hapigi hodi," alisema, akamnyanyua.

Tunu alimshangaa, akamshika pua, akaisukuma upande. Na hapo Bi Sikudhani akalia. Kile kilio alichokibana tangu dirishani kilitoka chote, akamnusa mtoto shingoni, akamwita mama, akamwita Mwanakheri, akamwita majina aliyoyatunga palepale. Mfaume naye akaingia, akavua viatu, akaketi jamvini. Wanawake wa Chumvini walikuwa wanajifuta macho kwa ncha za kanga.

"Hodi!" alisema Thabiti.

Bi Sikudhani akapangusa uso. Akampakata Tunu vizuri, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo hata mwisho wa foleni waliisikia: "Karibu, mwanangu! Karibu sana! Karibu mgeni wetu!"

Ng'ambo wakalipuka kwa shangwe. Thabiti akaingia, na nyuma yake hodi zikamiminika kama mvua. Bi Sikudhani akaunyoosha mkono.

"Ngojeni kwanza. Nina mgeni. Siwezi kumwacha mgeni peke yake nikawaitikia nyinyi, itakuwa ukosefu wa adabu."

Wakangoja. Watu wa Ng'ambo wanaheshimu sana foleni.

Thabiti akakirimiwa. Pilau ikaja, kuku wa nazi akaja, sambusa, kachumbari, maji ya kunawa yenye mawaridi. Alikula vizuri, nisimsingizie, na kila sahani ilipoisha Bi Sikudhani mwenyewe aliijaza. Jua lilipoanza kuinama alijifuta mdomo, akasimama.

"Mama, nashukuru sana. Sasa naomba ruhusa, mimi na mtoto."

"Ruhusa?" Bi Sikudhani alishtuka kwa dhati. "Mapema yote hii? Hata kahawa hujaonja!"

Akaketi. Kahawa ikaja na halua. Akasimama.

"Naomba ruhusa, mama."

"Toba! Na mkate wa kumimina ulioko motoni nimpe nani? Unataka majirani waseme sikukupenda?"

Aliketi tena. Alipomaliza mkate hakuomba ruhusa tena, alikwenda moja kwa moja mlangoni. Askari wakamsimamisha.

"Umeaga, bwana?"

"Nimeaga."

"Umepewa ruhusa?"

"Bado, lakini—"

"Basi rudi, bwana, usitutie aibu. Mgeni gani anaondoka bila ruhusa ya mwenyeji? Watu watasema tumekuudhi."

Thabiti akadai aitiwe Waziri. Waziri Kilongola akaja, na kwa kuwa shemeji yake alikuwa hajapona ile hasara ya wageni, aliifafanua sera yake kwa utulivu: mila zetu zote za ugeni, tangu mgeni afike mpaka aondoke. Habari zikafika Ikulu. Rais alikuwa amekaa kiti cha uvivu na kiganja shavuni, na wanaomhudumia wanasema ndiyo siku ya kwanza aliyocheka tangu jino ling'olewe.

"Basi niende peke yangu!" Thabiti alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti ilimpanda. "Mtoto abaki! Abaki na baba yake! Nitakimeza kiapo changu!"

"Kiapo kitakukaba, mwanangu," alisema Bi Sikudhani. "Kula biriani. Keti."

*

Akaketi, na yupo mpaka leo. Shati limekunjamana, tumbo limemtoka, anajua kukuna nazi na kupepeta mchele, na watoto wa Chumvini wanamwita mjomba. Hakuna aliyemgusa hata kwa ukucha. Analala kitanda cha kifahari cha besera, anatangulizwa kunawa, kipande kizuri cha nyama ni chake. Ng'ambo waliandika kulalamika, Nchi Hiyo ikajibu kwamba afisa wao ni huru, yupo kwenye ziara fupi. Na ile foleni ya mataulo bado inangoja, maana mwenyeji ana mgeni.

Kila siku baada ya alasiri Thabiti husimama, hujipangusa, huomba ruhusa, na kila siku huambiwa ni mapema. Lakini jana hakusimama. Alikaa akimtazama Tunu, ambaye sasa anakimbia na kuimba na kuwaamrisha kuku wapya wa bibi yake, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, na mimi nina mama yangu kule. Ni mzee. Kila siku ananiulizia."

Bi Sikudhani akaacha kumimina kahawa. Alimtazama sana, na safari hii hakukaza mdomo.

"Mwanangu naye aliniomba ruhusa ya kwenda Ng'ambo," alisema. "Siku ya harusi yake, kashika mikono yangu hivi. Nikampa. Nikamwambia nenda salama, mama, na urudi salama. Sasa siku atakayopita mlango huu kwa miguu yake, akaniambia mama nimerudi, siku hiyo hiyo na wewe nitakwambia nenda salama."

Akakijaza kikombe mpaka juu, akakisogeza mbele ya mgeni wake.

"Kunywa, inapoa."